Kidole Gumba Ndani ya Ngumi

Mimi nakaanga samaki karibu na stendi ya Garsen, na maneno yangu hayana sukari, anayenijua anajua. Kwa hivyo binti yangu aliponiambia amejiunga na kundi la dansi, nilimwuliza mbele ya wateja kama amerukwa na akili. Si kwamba naichukia dansi. Ni kwamba binti yangu ana kifafa, na hapa mjini jambo hilo nilidhani tunalijua mimi na yeye tu. Wa tatu ni daktari wa hospitali ya Ngao anayempa vidonge.

Nilificha kwa sababu. Akiwa bado mdogo, huko tulikokaa zamani, alianguka shuleni. Wakaja kuniita shambani. Nilipofika, watoto wote walikuwa nje, wamejazana dirishani, na mtu mzima anawazuia: msimguse, msimguse, mate yake yanaambukiza! Mwanangu yuko peke yake sakafuni, amejikojolea, povu limemkaukia shavuni. Kifafa hakiambukizi, lakini ukisema nani anakusikia? Tulihama. Nikamwapisha asimwambie mtu. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nasema mtangaza maradhi watu humkimbia.

Sasa huyohuyo anataka kupanda jukwaani.

Kundi lenyewe ni vijana wa hapahapa, Wapokomo, Waorma, Wagiriama, wanafanya mazoezi kwenye ghala tupu la mpunga. Kiongozi wao ni kijana mrefu aliyesomea dansi Nairobi, akarudi. Wanachanganya hip-hop, vile wanavyojivunjavunja viungo na kusimama kwa kichwa, na dansi ya jukwaani ya polepole, miguu mitupu, mtu anaanguka, anabiringika, anainuka bila neno. Siku moja nilikwenda kuchungulia. Nikamwona binti yangu anatetemeka kuanzia mabega hadi vidole, anaanguka pu, anatulia. Nilipiga yowe pale mlangoni. Kumbe ni mchezo! Walinicheka, na yeye hakunisemesha mpaka kesho yake.

"Mama, ile ni staili," akaniambia. "Mimi sijaanguka siku nyingi."

"Na ukianguka kweli, mbele ya Garsen nzima, nani atakuokota?"

"Ai, Mama, usiniwangie bwana!"

Basi ikaja siku ya onyesho, Jumamosi mchana, ukumbi umejaa mpaka madirishani. Asubuhi nilikuwa nimemsimamia akameza kidonge, nikamwambia apanue kinywa nione, mtu mzima yule. Alininunia mpaka anatoka. Mimi nikawahi kiti cha mbele karibu na ngazi, na viatu nikavivua kabisa. Jirani yangu wa stendi, muuza chai, aliyekaa kando yangu, akaniuliza mbona natoka jasho hivyo na feni iko juu yetu. Nikamwambia ni joto.

Kuna dalili moja naijua mimi. Kifafa kikimjia, kidole gumba cha mkono wa kushoto huingia ndani ya ngumi na vidole vingine vinakifunga. Kwenye dansi viganja vyake viko wazi. Kwa hiyo wenzangu walitazama miguu, mimi nikatazama mkono. Na nilikuwa nimejionya: nikikurupuka bure, nikamwaibisha tena mbele ya watu, hatanisamehe. Nikichelewa, nitamkuta peke yake sakafuni.

Akatetemeka, akaanguka. Kiganja wazi. Akainuka. Ukumbi ukalipuka, jirani yangu akanipiga begani, "Mwenzangu, mwanao hana mifupa!" Nikacheka kama mtu anayeumwa jino. Akatetemeka tena, akaanguka tena, na muziki ukazimwa, ndivyo walivyopanga. Kimya. Kiganja wazi bado. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilikuwa namwomba Mungu muziki urudi, wainame, watu wapige makofi, twende zetu nyumbani.

Muziki ukarudi. Yeye hakuinuka. Mwili ulikuwa unatetemeka upya, watu wakashangilia kuliko mwanzo, wakipiga mbinja. Nikautazama mkono. Kidole gumba kimeingia ndani.

Sikumbuki nilivyopanda ngazi. Nakumbuka sauti ya mwanamume nyuma yangu, "Na huyu mama naye anakwenda kucheza?" na kicheko cha watu. Nilipofika juu, wale vijana walikuwa wameshamzunguka, wamempa migongo, mikono imeinuliwa, wanakwenda taratibu kwa mdundo, bega kwa bega. Kutoka kule chini usingemwona. Nikataka kupenya kwa nguvu. Yule kijana mrefu akanishika mkono, na miguu yake haikuacha kucheza.

"Mama, tulia. Tunajua."

"Mnajua nini?"

"Alituambia siku ya kwanza. Hii tumeifanyia mazoezi."

Nikachungulia katikati yao. Binti yangu alikuwa amelazwa ubavu, vilevile daktari alivyonifundisha mimi. Fulana ya mtu imekunjwa chini ya kichwa chake. Msichana mmoja wa Kiorma amepiga magoti, anamfuta povu mdomoni kwa kiganja chake kitupu, polepole, bila kinyaa, anamwambia, "Tuko hapa. Tuko hapa."

Loo, hasira ilinipanda! Amevunja kiapo changu siku ya kwanza tu, na mimi nimekaa roho mkononi muda wote huo. Halafu wivu, niseme ukweli, manake siku zote uso wa kwanza anaouona akizinduka ni wangu. Nikaona mwili unalegea, kope zinachezacheza, anaanza kurudi. Nafasi ya kupita ilikuwepo, kijana alikuwa ameniachia mkono. Yule msichana akainama karibu zaidi ili mwanangu amwone. Nikajifuta machozi kwa leso, nikasimama kwenye ile nafasi, nikampa mwanangu mgongo kama wenzangu, nikainua mikono.