Kambare Waliokataa Mawe Safi

Zuleide alikuwa na ugonjwa wa usafi. Sufuria zake zilitundikwa ukutani, na ungeweza kujitazama humo ukachana nywele. Huko kando ya mto Xingu, sufuria ikionekana na doa, habari hufika sokoni kabla ya mwenyewe. Basi mdogo wake Deusimar alipoleta kambare wa mawe, wale wenye mdomo wa kunyonya, Zuleide aliyasugua matangi kwa mchanga. Akasugua na mawe ya kuwawekea ndani, yakang'aa.

Hao hawakuwa samaki wa mchezo. Deusimar alikuwa mzamiaji, anavuta hewa kwa mpira mrefu uliotoka kwenye mashine mtumbwini, na sikio lake la kushoto lilikwisha pasuka. Mnunuzi wa samaki wa mapambo, Bwana Osmarino, alikuwa ametoa neno: akiwakuta wazima, atawapa ndugu hawa samaki wake wote wawatunze nchi kavu. Wakifa, Deusimar atarudi chini ya maji. Zuleide aliogopa, tena sana, kwamba safari moja mdogo wake asingeibuka.

Kambare wakaanza kukonda. Matumbo yalibonyea, macho yakaingia ndani. Akawapa boga, akawapa tango, wasiguse.

"Umewaogesha mno, dada. Wamekununia."

"Nyamaza. Wewe shati hilo unalo tangu Jumapili."

"Semea upande huu, sikio lile limefunga duka."

Zuleide hakucheka. Alikwenda nyuma ya nyumba kumwaga pipa bovu la maji machafu, lile alilowaficha majirani, kumbe ndani mna kambare. Alimmwaga humo bila kujua siku alipobadilisha maji. Na alikuwa mnene, tumbo limejaa vizuri.

Sasa huyu anakula nini? Zuleide akapiga magoti, kidevu ukingoni mwa pipa, akasahau hata wali jikoni. Kambare alipanda ubavu wa pipa taratibu, akikwangua utelezi wa kijani, na kila alipopita aliacha njia nyeupe. Zuleide akachukua utelezi kwa ukucha, akanusa. Akaonja pia, usiniulize kwa nini.

"Maskini," akasema. "Nimewapa sahani, chakula nimekisugua mwenyewe."

Deusimar akatumwa mtoni kuleta mawe yenye utelezi na magogo yaliyooza. Matangi yakawa ya kijani, na majirani wakapata la kusema. "Zuleide anaumwa?" Aliona aibu kweli, lakini kitambaa hakukigusa. Matumbo ya kambare yakaanza kujaa tena.

Bwana Osmarino alipofika alikunja uso. "Mama, hili ni tangi au dimbwi la nguruwe?"

"Inua jiwe kwanza."

Akainua. Kambare walikuwa wamejishikiza chini yake, wanene. Kisha akaonyesha kwa kidole wawili waliopanda juu kugugumia hewa.

"Chakula wamepata. Ila hawa ni wa maporomoko, na maji yako yamelala. Watakosa pumzi. Nikirudi jioni nikute maji yanachemka kwa hewa, kazi ni yenu."

Zuleide akashika kichwa. Mpira wa hewa angeutoa wapi siku hiyo hiyo? Deusimar aliteremka mtumbwini, akarudi na mashine begani na ule mpira wake mrefu, wenye alama za meno mwishoni.

"Ukiukata huo ugawie matangi, huzamii tena," Zuleide akasema, safari hii upande wa sikio zima.

"Nimesikia, dada," akasema, akaomba kisu.