Kesha la Mzee Len Kwenye Baa ya Farasi

Bia iliyolala kwenye zulia ina harufu yake, na haifanani na nyingine. Nyinyi ambao hamjawahi kuingia baa ya Waingereza asubuhi, kabla haijafunguliwa, msikimbilie kukunja pua. Ni harufu chachu kidogo na tamu kidogo, na chini yake kuna moshi wa kuni wa miaka mingi na nta ya kung'arishia mbao. Juzi ilinikuta nikitoka zamu ya usiku. Basi la kunirudisha nyumbani Barking, hapa London, lilikuwa limebadilishwa njia kwa sababu ya barabara iliyochimbwa, likapita mtaa wetu wa zamani, na pale kwenye taa nyekundu nikaona mafundi wakiburuta zulia kutoka mlangoni mwa baa ya Farasi. Wanaigeuza kuwa fleti. Nilikuwa nimegeuza wazee vitandani usiku kucha, macho yananiwasha, mgongo si wangu tena. Lakini harufu ile ilipoingia dirishani nikarudi kuwa mtoto wa miaka tisa, nimekaa kwenye stuli ndefu, miguu inaning'inia, nangoja Mama amalize kupiga deki.

Farasi halikuwa jina lake hasa. Baa ilikuwa na jina refu la kizamani ambalo hatukuweza kulitamka, ila kibao chake kilichorwa farasi, kwa hiyo kwetu ikawa Farasi basi. Wamama wa kanisa walipomuuliza Mama anafanya kazi wapi, aliwajibu, "Nafanya usafi kwa Farasi," nao wakadhani ni zizi la tajiri fulani, wakamheshimu sana. Mama hakuwahi kuwasahihisha. Mtu wa wokovu, hajawahi kuonja pombe maishani, na kila asubuhi anasugua vyoo vya walevi! Nyuma ya baa kulikuwa na kiwanda cha bia ambacho siku hizo kilikuwa bado kinafanya kazi, na siku ya kupika, mvuke wa kimea ulifunika mtaa mzima mpaka nguo zilizoanikwa zikanuka uji. Mama alikuwa akifungua dirisha na kusema, "Haya, wameinjika uji wao."

Usiku alihudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kazi hii hii ninayofanya mimi leo. Mimi nililala kwa jirani yetu Mganda. Mama akitoka zamu alinipitia kukiwa bado giza, tukaenda Farasi, akasafisha, akanipeleka shule, ndipo akarudi nyumbani kulala kidogo kabla hajanifuata tena. Ukimwambia, "Mama, umechoka," jibu lilikuwa moja tu: "Nitalala Jumapili." Na Jumapili tulikuwa kanisani tangu asubuhi hadi jioni, yeye ameketi wima, macho wazi, amelala. Mimi pekee ndiye niliyejua, kwa sababu alikuwa akikoroma kidogo sana, kwa adabu.

Mwenye baa alikuwa mama mmoja mnene, sauti nzito, anaitwa Maureen. Huyo alimwita kila mtu mpenzi. Mama alikuwa mpenzi, mimi mpenzi, na mwanamume wa kuleta mapipa mpenzi pia. Miezi ya kwanza Mama alikuwa akiniambia kwa Kiswahili, huku anatabasamu kumwelekea Maureen, "Nekesa, huyu mama atakuja kuvunja ndoa ya watu." Baadaye alizoea.

Mtu wa nne wa asubuhi zile alikuwa Mzee Len. Alikoroga mapipa ya kiwandani maisha yake yote mpaka akastaafu, na baada ya mkewe kufa hakujua aende wapi asubuhi. Maureen alimfungulia mlango wa nyuma. Alikaa kando ya moto na kikombe cha chai, kwa utaratibu kabisa, akingoja saa halali ya kunywa bia. Kikombe chake cha bia, cha bati zito chenye mkono, kilining'inia kwenye ndoano juu ya kaunta, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa isipokuwa Mama, aliyeking'arisha kila siku. Mashine ya kufyonza vumbi ilipomfikia aliinua miguu yote miwili juu kama mtoto, na bila kukosa alimuuliza Mama, "Umelala wewe?" Mama alimpenda kwa swali hilo. "Mzungu ana adabu zake," aliniambia. "Wengine wote wanakuambia habari ya mvua. Huyu anauliza mtu amelalaje, kama kwetu." Sidhani kama mzee alikuwa anasalimia. Nadhani aliyaona macho ya Mama yalivyokuwa mekundu. Lakini Mama alimjibu kwa heshima zote, kwamba atalala Jumapili, na mzee akacheka hadi akakohoa.

Majira hayo ya baridi, Babu yangu, babake Mama, alifariki kwetu Bungoma. Mama hakwenda kumzika. Karatasi zetu zilikuwa serikalini zikisubiri majibu, na aliyetoka nchini karatasi zake zikiwa huko alikuwa amejifungia mlango. Usiku wa kesha alinunua kadi ya simu, akapiga, mjomba akaiweka simu karibu na moto ili asikie watu wakiimba. Alisikiliza amesimama, kofia iko kichwani, sare iko mwilini. Katikati ya wimbo kadi ikaisha. Akaishika simu vile vile sikioni kwa muda, kisha akairudisha mahali pake, akachukua mkoba, akaenda kazini. Sikumwona akilia. Nikafikiri, kwa akili zangu za kitoto, kwamba London watu hawalii kwa sababu hawana nafasi.

Haukupita muda tukakuta kiti cha Mzee Len kitupu. Maureen alikuwa amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Mzee alikuwa amefia kitandani kwake, taratibu, na mazishi yangekuwa Alhamisi. Kwenye ule ubao mweusi wa kuandikia chakula cha siku, Maureen alikuwa ameandika kwa chaki jina la Len, na mbele yake neno moja: WAKE.

"Mama," nikasema, "kumbe Mzee Len alikuwa na wake? Wangapi?"

Mama aliacha kufuta meza akaja kuangalia. Nilikuwa sijamaliza mwaka Uingereza, na macho yangu yalikuwa bado yanasoma Kiswahili kwanza. Akamuuliza Maureen neno lile maana yake nini. Maureen akamweleza kwamba ni watu kukusanyika kwa ajili ya marehemu, hapa hapa, kuanzia saa nane mchana. Mama alikijua Kiingereza cha shule vizuri. Alijua neno hilo ni kuwa macho, kutolala. Nikaona uso wake umebadilika.

"Kumbe na wao wanakesha," aliniambia kwa sauti ya chini. "Nekesa, hawa watu wana kesha!"

Alhamisi hiyo Mama alifanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya. Aliomba kubadilishiwa zamu. Tangu alfajiri alikaanga mahamri mpaka chumba chetu kikajaa moshi, akapika chai ya maziwa na tangawizi, akaijaza kwenye chupa mbili kubwa, akafunga leso kichwani, akatia begini kitabu cha nyimbo, sweta zetu na blanketi letu la mistari. Nilimuuliza blanketi ni la nini. "Alfajiri kunakuwa na baridi," akasema. Shule ilikuwa imefungwa kwa likizo fupi, kwa hiyo nami nikabeba mfuko wa mahamri, tukaenda kukesha.

Tulipofika, baa ilikuwa imejaa wazee waliovaa tai nyeusi, na kelele! Wanacheka, wanapigana mabega, wanasimuliana jinsi Len alivyowahi kutumbukia kwenye pipa. Mama alisimama mlangoni na blanketi kwapani, akitafuta jeneza kwa macho.

"Maiti iko wapi?" akamnong'oneza Maureen.

"Tumeshamchoma asubuhi, mpenzi. Ingia, ingia."

Haki, sijui Mama alivumiliaje. Wamechoma kwanza ndipo wanakesha! Lakini hakurudi nyuma. Aliwapitia mmoja mmoja na mahamri, akimpa kila mtu mkono wa pole kwa mikono miwili, na wale wazee, waliokuwa wamezoea kumwona amebeba ndoo tu, walisimama kumpokea. Mahamri yaliisha upesi. Kisha mmoja akagonga meza, Maureen akakishusha kikombe cha bati kutoka kwenye ndoano, akakijaza bia, akakiweka juu ya kiti cha Len, na wote wakanyanyua glasi na kutamka jina lake kwa pamoja. Mama alinyanyua kikombe cha chai.

Ndipo wakaanza kuondoka. Giza la baridi, la saa kumi jioni, lilipoingia, huyu anawahi treni, yule mbwa wake hajala. Walipiga funda la mwisho, wakavaa makoti, wakatoka. Mama aliwatazama wakienda kwa mshangao ambao polepole uligeuka kitu kingine. Alivuta kiti karibu na moto, akanifunika sweta, akatandika blanketi magotini mwake, akafungua kitabu cha nyimbo. Maureen alikusanya glasi zote, akafuta kaunta, akatuangalia.

"Mpenzi," akasema, "imekwisha."

"Haijakwisha," Mama akasema. "Hakujakucha."

Maureen akasimama na kitambaa mkononi. Nilikuwa nimejilaza kwenye benchi, nusu macho, naogopa tutafukuzwa. Mama aliinuka, akamwendea, akasema naye maneno ambayo sikuyasikia. Nilisikia Maureen akiuliza, "Lini?" Halafu akauliza, "Na jina lake?" Kisha Maureen akaenda kufunga mlango kwa komeo ingawa ilikuwa saa ya biashara, akaongeza magogo motoni, akajimiminia kitu kwenye glasi ndogo, akamjazia Mama chai. Wakasimama wawili mbele ya moto, yule mnene na yule mwembamba, na Maureen akanyanyua glasi.

"Kwa Bwana Makwana," akasema.

"Mukhwana," Mama akasema.

"Makwana," Maureen akarudia, kwa juhudi zote.

Na Mama akalia. Alilia kwa sauti, kama wanavyolia kwetu, mikono kichwani, akizunguka pale pale mbele ya kaunta, na Maureen hakumwambia anyamaze. Mimi nilijua Makwana ni jina la Wahindi. Kulikuwa na mmoja mwenye duka huko Harrow alikoninunulia Mama sare za shule. Nikafikiri, maskini, kumbe Len alikuwa na rafiki Mhindi, naye amekufa. Nikamwonea huruma sana Mhindi wa watu.

Alipomaliza kulia Mama alikaa. Aliimba ubeti mmoja na nusu wa wimbo, akafika katikati, kichwa kikaangukia bega, akalala. Mama yangu, ambaye halali mpaka Jumapili! Alikoroma bila adabu yoyote. Nilitaka kumwamsha, maana mtu akilala kwenye kesha ni aibu, lakini Maureen alinizuia kwa kidole mdomoni. Alimvutia blanketi hadi kidevuni, akaketi kwenye kiti cha Len na kuutunza moto. Kila nilipofumbua macho nilimkuta ameketi hivyo hivyo, glasi tupu mkononi, anamlinda.

Miaka ilipita kabla karatasi zetu hazijatoka. Nilikuwa binti mkubwa Mama aliponipeleka Bungoma, tukaenda nyuma ya nyumba kwenye kaburi. Sikuwahi kumjua Babu kwa jina jingine lolote zaidi ya Babu. Nikasoma kwenye saruji: Mzee Mukhwana. Niliketi chini kwenye nyasi, Mama akidhani ni jua limenipiga. Mhindi wangu! Nilikuwepo kwenye kesha la Babu, nimekula mahamri yake, na sikujua.

Nayo yale mengine nimeyajua juzijuzi tu, kwa mwili wangu. Nimekaa na wazee wengi wakikata roho, nawashika mkono, napiga simu kwa watoto wao, halafu naosha mikono na kwenda chumba kinachofuata. Anayekesha kwa ajili ya watu wote anachoka mahali ambapo usingizi wa kawaida haufiki. Mama alidhani alikwenda pale kukesha. Kumbe alikuwa anahitaji mtu mmoja wa kumkeshea.

Nilipofika nyumbani juzi, Mama alikuwa jikoni, leso kichwani, chai iko tayari. Siku hizi anaishi nami, na amekuwa mzee. Nikamwambia wanang'oa zulia la Farasi. Akauliza kama nimekiona kile kikombe cha bati. Sikukiona. Akanitazama machoni, akanitazama sana.

"Umelala wewe?"

"Nitalala Jumapili, Mama."

Hakucheka. Aliinuka kwa shida, akishika meza, akaenda chumbani, akarudi na lile blanketi la mistari, limekwisha pembeni kote. Akanifunika nalo pale pale kwenye kiti cha jikoni, hadi kidevuni, akavuta kiti chake karibu na changu.

"Lala sasa," akasema. "Mimi niko macho."