Darubini Niliyoikandia

Mimi nauza viatu vya mtumba Mwanjelwa, hapa Mbeya, na mdomo ninao. Sijutii mdomo wangu, ndio uliosomesha watoto. Kwenye mtumba kuna kanuni moja ambayo hakuna anayekukalisha chini akufundishe: kitu unachokitaka usikisifie kabla bei haijapatikana. Kikandie. Sema soli imechoka, mshono umeachia, rangi hii nani atavaa. Mwenye mali naye anajua unakandia, anakujibu, "Dada, hicho kiatu kitakuzika wewe," mnacheka, mnakutana katikati, kila mtu anashika njia yake. Nimefanya hivyo miaka mingi mpaka nikasahau kwamba ule ni uongo.

Ninachotaka kueleza ni siku nilipoikandia darubini mbele ya mtu ambaye hakuwa wa sokoni.

Nyota zenyewe zilinishikia Igawa. Nilikuwa nimefuata mchele wa Madibira, mwaka ule jua lilipopatwa huku Mbarali, nikakuta barabara nzima biashara imelala, watu shingo juu. Mgeni mmoja akaniazima miwani yake ya karatasi. Jamani! Jua lilikuwa limebaki pete tupu. Nilirudi Mbeya na gunia moja badala ya matatu, akili yote iko juu. Tangu hapo wateja wakipungua tu, mimi niko kwenye simu naangalia video: sayari ipi inaonekana mwezi huu, lenzi ipi ni ya kazi gani. Mume wangu akanipa jina, Mama Nyota. Wenzangu wa meza za jirani wakaniuliza kama huko juu nako kuna mtumba. Nilicheka nao, lakini darubini nilikuwa naitamani kama mjamzito anavyotamani udongo.

Mteja wangu mmoja wa jumla, anayetoka Iringa, ndiye aliyeniambia. Jirani yake, mwalimu mstaafu wa fizikia, alikuwa amefariki akaacha darubini. Siku ya kuanua matanga ndugu waligawana vitu vyake kama kawaida: koti likapata mtu, redio ikapata mtu, baiskeli nusura igombaniwe. Darubini hakuna aliyeitaka. Sasa mjane anaiuza. Nikafunika meza yangu siku mbili, nikapanda basi.

Njiani, kutoka Igawa mpaka Nyololo, nilikuwa najifunza kwenye simu namna ya kukagua darubini iliyotumika. Angalia lenzi kama ina ukungu. Angalia miguu kama inatikisika. Na yule mtu wa kwenye video akasema jambo jingine: usishtuke ukiona kila kitu kimepinduka, darubini za nyota ndivyo zilivyo, wala si ubovu, maana angani hakuna juu wala chini. Nikatikisa kichwa, nimeelewa. Naomba unayesoma ushike hapo. Nilijua.

Mjane nilimkuta anafagia uani. Mama mwembamba, mzee kiasi, kajifunga kitenge juu ya sweta la kiume.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kamwene! Karibu ndani, huu upepo utakuua."

Akaniwekea chai na viazi vitamu. Akauliza safari, akauliza watoto, akauliza kama Mbeya mvua imenyesha. Mimi nilikuwa najibu huku macho yanazunguka ukutani kutafuta darubini iko wapi. Mwisho akaingia chumbani, akatoka nayo imefungwa kwenye shuka. Bomba refu jeupe, mguu mmoja umekazwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Nikawasha tochi ya simu, nikamulika lenzi. Safi kabisa, haina hata mkwaruzo. Moyo uliniruka. Uso nikaukunja, ndiyo kazi.

Tukaitoa nje. Kitu kirefu kuliko vyote kilichoonekana toka pale uani kilikuwa mnara wa kanisa lao, na juu yake msalaba. Nikaulenga. Ukaja karibu, mkubwa, unaona mpaka kutu ya kwenye nati zake, na umepinduka kichwa chini.

Ningeweza kulenga mti. Ningeweza kunyamaza. Badala yake nikatoa jicho, nikashika kiuno, nikaguna.

"Mh! Mama, hii kitu ni mbovu."

"Mbovu kivipi?"

"Inapindua. Hebu angalia mwenyewe."

Akasita. "Mimi sijawahi kuchungulia humo." Akavua miwani, akainama, mkono mmoja ameshika goti. Alikaa pale muda. Alipoinuka alifanya ishara ya msalaba.

"Kichwa chini," akasema polepole. "Msalaba wa kanisa letu."

"Ndiyo maana nakwambia, mama."

"Kwa hiyo huyu mzee, miaka yote hiyo, alikuwa anaangalia vitu kichwa chini?"

Hapo ndipo mtu wa sokoni angenijibu. Angeniambia, kama hutaki iache, wenye macho watakuja. Nami ningecheka, tungeendelea. Nilimsubiri anijibu, hakujibu. Aliniamini. Nami niliona wazi kwamba ameniamini, nikaona na bei inashuka, nikafunga mdomo, kwa sababu kanuni inasema ukishagusa dosari usiongeze neno.

Akaingia ndani tena, akarudi amekumbatia madaftari, yale makubwa ya jalada gumu.

"Basi labda na haya uchukue. Alikuwa anachora humo kila akitoka nje na hiyo darubini yake. Mimi sikusoma fizikia, nilifikiri ni vitu vya maana. Nilitaka kuyapeleka shuleni kwake."

Nikapokea yote, nikafunua moja juu juu. Mwezi wa penseli, umetiwa vivuli kwa uvumilivu. Duara dogo lenye nukta nne ubavuni. Chini ya kila mchoro, maneno madogomadogo. Sikuyasoma. Niliogopa nikionyesha nimeyapenda, bei itapanda.

"Ya nini haya, mama," nikasema, "si yote yamechorwa kichwa chini?" Nikamrudishia.

Nikaipata darubini kwa chini ya nusu ya bei aliyokuwa ametaja. Na aliniomba radhi. Mungu anisamehe, mama wa watu aliniomba radhi mimi, akasema hakujua kama ni mbovu, asingenitoa Mbeya bure. Akanifungia viazi vya kula njiani.

Nyumbani niliingia kama niliyeshinda kesi. Nikamsimulia mume wangu yote, na sauti ya yule mama nikaiiga, "Kichwa chini?", nikacheka mpaka machozi. Jua lilikuwa halijazama, nikasimamisha darubini uani nikailenga Mlima Loleza ili nimwonyeshe. Akachungulia.

"Mbona mlima umepinduka?"

"Ndivyo zilivyo zote," nikamjibu. "Si ubovu. Angani hakuna juu wala chini."

Maneno yalitoka laini, hata sikuyatafuta. Mume wangu akatoa jicho kwenye lenzi, akanitazama.

"Si umesema umemwambia ni mbovu?"

"Ile ilikuwa bei."

"Ahaa," akasema. Yeye ni mtu wa utani, hata msibani atakuchekesha, lakini hapo utani ulimwishia. Akaingia ndani kuangalia taarifa ya habari. Nikabaki na darubini yangu na uso unaniwaka moto. Mwezi ulipopanda niliuangalia, na ulikuwa mzuri kuliko nilivyowahi kuota, milima yake, mashimo yake, vyote. Nilitaka kupiga kelele za furaha nikashindwa. Nilikuwa namwona yule mama ameshika goti.

Ungedhani nilirudi Iringa wiki ile ile. Thubutu! Nilisema mvua kwanza ziishe. Nikasema shule zinafungua, viatu vinatoka, siwezi kuacha meza. Nikasema nitampigia simu, namba naweza kuipata kwa yule mteja wangu, nikaacha hata kupokea simu za huyo mteja. Watu wanasema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mimi nilikuwa maiti na mwosha pia. Na kila nilipoangalia anga, nilikuwa nayahitaji yale madaftari. Ile sayari yenye miezi minne kama nukta ubavuni, iliyonisumbua wiki tatu kuitafuta, marehemu alikuwa ameshaichora. Alikuwa ameniandalia njia, nikasema ya nini.

Nilikwenda kiangazi. Darubini nikaifunga kwenye shuka lake lile lile, nikaibeba mapajani basi zima. Nilikuwa nimepanga maneno: nitairudisha, nitaomba msamaha, nitayaomba madaftari niyapeleke shuleni mimi mwenyewe.

Nikamkuta getini kwake, kakaa kwenye kigoda, mbele yake beseni la karanga za kukaanga. Alikuwa ameanza kuwauzia wanafunzi wanaopita. Aliponiona akafurahi, akataka kusimama, nikamzuia.

"Kamwene mwanangu! Umerudi! Kula kwanza, umetoka mbali."

Akanipa karanga kwenye karatasi iliyosokotwa. Nikapokea kwa mikono miwili, nikakaa kwenye jiwe pembeni yake, nikala. Nilikula haraka, nakiri, kwa sababu mdomo ukiwa na karanga haudaiwi maneno. Zilipofika chini niliona vivuli vya penseli. Nikaifungua karatasi mapajani. Chini ya chumvi na mafuta ulikuwepo mwezi, na mimi wakati huo nilikuwa nimeshaujua mwezi. Nililijua lile shimo kubwa la upande, lenye mistari inayotawanyika kama unga ulioanguka sakafuni. Liko pale pale linapokuwa kwenye darubini yangu. Alikuwa amelichora bila kukosea.

"Mama," nikasema. "Hii karatasi."

"Ni yale madaftari. Ulisema hayana kazi, nikaona yasikae bure."

Sijui kama umewahi kutaka ardhi ipasuke uingie. Nilimwambia yote pale pale, vibaya, bila mpangilio, karanga ziko mdomoni. Darubini si mbovu. Haijawahi kuwa mbovu. Zote zinapindua, ndivyo zilivyotengenezwa, mzee alilijua hilo na lilikuwa halimsumbui.

"Kumbe wewe hukujua siku ile," akasema, ananitetea.

"Nilijua, mama."

"Ulijua?"

"Nilijua kabla sijafika. Nilitaka unipunguzie."

Akaangalia beseni. Akaziondoa karanga mbili zilizoungua, akazitupa.

"Mwanangu, si ungesema tu huna hela ya kutosha. Mimi nilikuwa natafuta mtu wa kuitumia. Hata bure ningekupa."

Afadhali angenitukana. Mwanjelwa nimetukanwa na watu wazima na nikalala usingizi vizuri. Huyu alisema kwa sauti ya mtu anayekueleza njia ya kwenda stendi. Nikaanza kulia, akaniacha nilie.

"Basi alikuwa anaona sawasawa?" akauliza baadaye.

"Alikuwa anaona sawasawa, mama."

Akavuta beseni miguuni. Zilikuwepo pakiti za karanga kama kumi zimepangwa pembeni tayari kwa wanafunzi wa mchana. Akazifungua moja moja, anamwaga karanga kwenye beseni, karatasi anainyoosha pajani kwa kiganja. Nami nikasogea nikaanza kufungua. Ndani ya nyumba yalikuwa yamebaki majani machache ya daftari la mwisho. Mengine yote yalikwisha, akasema, tangu Pasaka.

Akachukua karatasi moja, akaisogeza mbali na uso, akashindwa.

"Miwani iko ndani. Soma wewe. Aliandika nini hapa chini?"

Ilikuwa na doa la mafuta, lakini mwandiko wa mwalimu ni mwandiko wa mwalimu. Nikasoma: "Mwezi, siku ya nane. Anga safi. Nimemwita mama aje aone, amesema baridi. Kesho nitamwita tena."

Akalivuta lile sweta la kiume shingoni.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Kila siku nilikuwa namwambia baridi," akasema. "Akiniita, baridi. Nikaja kuchungulia na wewe."

Wanafunzi walianza kutoka shuleni, wanakuja na sarafu zao, akawaambia leo karanga hakuna, na beseni limejaa mbele yake. Walipopita akanigeukia.

"Na zile zilizokwenda na karanga, alikuwa ameandika nini?"

Siku ile ya kwanza nilikuwa nimeyashika madaftari yote mikononi. Ikabidi nimwambie sikusoma hata moja.