Hemedi na Gari la Daraja la Juu

Hemedi wa Mpapura si mjinga, jamani, tusimsingizie. Anajua kupulizia mikorosho dawa, anajua kukwepa mikutano ya kijiji, na msimu ule minada ya korosho ilipomkalia vizuri akajua pia kwamba mwenye mikorosho kama yake hawezi kuendelea na baiskeli. Kwamba mikorosho yenyewe ni ya mkewe Mwanaidi, aliyoachiwa na ukoo wa mama yake, hilo alilisahau kila alipopata wasikilizaji.

Mwanaidi hakupinga gari. Alikuwa na safari moja tu moyoni. Binti yao Somoe alikuwa ndani, amewekwa unyago, na siku ya kumtoa ilikaribia. Kwa akina Mwanaidi, mwali akitoka anaacha jina la utoto, na jina jipya hutolewa na bibi mzaa mama kwa kinywa chake, mbele ya mwali, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Likishatamkwa limetamkwa. Bibi mwenyewe, Bi Hadija, anaishi Msimbati na nyonga yake haikubali tena pikipiki. Mjukuu wa kike anaye huyo mmoja, na alikuwa amemtunzia jina la marehemu mama yake mwenyewe. Basi gari likamlete. Mwanaidi alilisema hilo mara ya kwanza kwa upole. Mara ya pili si kwa upole.

Wakaenda Mtwara mjini, kwenye yadi ya kijana anayeitwa Godfrey, mwenye maneno laini na viatu vilivyochongoka. Palikuwa na magari matatu ya aina moja, mwaka mmoja, tofauti yake daraja tu. La chini lilikuwa na viti vya kitambaa na rimu za chuma, tumbo limenyanyuka, nalo linavuta kwa matairi yote manne. La kati lilikuwa la kati, hakuna aliyelitazama. La juu, loh! Viti vya ngozi, kuwasha kwa kitufe, paa la kioo linalofunguka, rimu zinazong'aa, na bodi imeshushwa mpaka kuku angeinama kupita chini yake. Linavuta kwa matairi ya mbele tu, Godfrey akaeleza, maana gari la mstaarabu halihangaiki.

Mwanaidi akauliza kama lile la chini silo la njia ya mchanga ya Msimbati. Godfrey, Mungu amzidishie, hakudanganya. Alikubali kwamba hilo ndilo la mchanga, ila akaongeza kuwa wanaolinunua sana ni watu wa kubeba mihogo. Biashara ikaishia hapo. Hemedi, aliyebeba mihogo tangu apate mabega, akajiona ametukanwa. Akaketi kwenye ngozi, akabonyeza kitufe, akafungua paa, akaitazama mbingu ya Mtwara kana kwamba nayo imeshushwa bandarini pamoja na gari.

"Baba Somoe," Mwanaidi akasema, "mama ataingilia mlangoni, si paani."

Hemedi akamjibu kwamba mchanga ni mchanga tu, gari ni dereva. Dereva mwenyewe alikuwa amepata leseni juzi.

Kijijini kila aliyepita alionyeshwa paa, hata waliokuja kwa shida zao. Jirani yake Salumu, mwenye pikapu chakavu inayokohoa, alimfuata kwa heshima akamwambia ile njia anaijua, achukue pikapu akamlete mama mkwe, arudishe shughuli ikiisha. Hemedi alicheka. Mwenye gari la ful opsheni, lenye kila kitu, akaazime pikapu? Mama mkwe apandishwe chuma chenye harufu ya samaki, watu waseme nini? Salumu akarudi kwake na pikapu yake.

Siku ya kumtoa mwali Hemedi aliondoka alfajiri, peke yake, na kanzu na miwani ya jua, ingawa jua lenyewe lilikuwa bado. Lami ilimheshimu. Kisha lami ikaisha, na mchanga wa kuingilia Msimbati, ambao haujui daraja la gari, ukamshika. Matairi ya mbele yakachimba, tumbo likalala. Akabonyeza kitufe. Kitufe kilifanya kazi vizuri kabisa: gari likawaka, likazimika, likawaka. Watu wakaja kusukuma, na mmoja akauliza, kwa nia njema, kama hakuna kitufe cha kulinyanyua.

Mwanaidi alipopiga simu, jua lilikuwa limeshapanda. Hemedi akamwambia yuko karibu. Na ni kweli alikuwa karibu na kwa Bi Hadija, kwa mtu mwenye nyonga nzima. Huko Mpapura makungwi walisubiri, wakasubiri tena, ngoma zikapoa, mwali akaanza kuyumba mkekani. Mwisho wakamwita dada yake Hemedi, aliyekuwa amekaa mbele, akatamka jina la upande wao. Vigelegele vikapigwa. Mwanaidi hakupiga.

Hemedi alifika kwa mama mkwe kwa miguu, kanzu imejaa mchanga. Bi Hadija alikuwa kibarazani, kavaa kanga mpya na viatu vya safari, mkoba pembeni. Akamkaribisha, akaagiza aletewe maji, akamwacha anywe. Hemedi akakaa mbali kidogo, kama mkwe anavyopaswa, akaanza kumweleza habari za mchanga. Alieleza kwa kirefu. Alieleza hata rimu.

Bi Hadija alimsikiliza mpaka mwisho, akalitazama jua.

"Wamempa jina la nani, mkwe wangu?"

Hemedi alilijua. Mwanaidi alikuwa amemtumia ujumbe wa neno moja, jina lenyewe. Akaanza kupangusa mchanga kwenye kanzu. Bi Hadija akanyoosha mguu wake mbovu taratibu, akaanza kuvua viatu.