Jenereta Chini ya Dirisha la Bibi

Enzi zetu umeme wa Bagamoyo uliondoka bila kuaga, na hakuna aliyenuna. Siku hizi ukikatika dakika tano wajukuu zangu wanashika vichwa kama waliofiwa, eti simu zinazima. Sisi tulicheza rede uani mpaka mpira wa matambara usionekane, kisha tukaitwa ndani kula vitumbua kwa mwanga wa kandili.

Baba alikuwa fundi cherehani mpenda makuu kidogo. Dada yangu Mwanahamisi alipoposwa, Baba alirudi kutoka Dar es Salaam na jenereta ndogo nyekundu. Mtaa mzima ulikuja kuitazama. Ilivutwa kamba mara saba, ikakohoa, ikawaka, kuku wakaparamia ukuta. Mama akauliza, "Hii imekuja kutumulika au kutuua?"

Jenereta ilikuwa kwa ajili ya Bibi, mama yake Mama, aliyemlea Dada tangu mchanga. Miguu ilikuwa imemkatalia, hashuki kitandani. Ombi lake lilikuwa moja: amsikie kwa masikio yake bwana harusi akitamka kwamba amekubali. Ndoa ingefungwa barazani kwa wanaume, nasi wanawake tuko ndani. Basi Baba akaazima kipaza sauti cha madrasa, pembe yake ya kutolea sauti akaifunga chumbani kwa Bibi. Umeme ukikatika, jenereta ipo. Alijipanga, maskini.

Siku ilipofika, baada ya sala ya alasiri, shehe yuko katikati ya hotuba, umeme ukaondoka. Wallahi Baba alifurahi. Akaja mbio kuvuta kamba. Ila kwa kuogopa mvua na utundu wetu, jenereta alikuwa ameiweka upenuni, chini kabisa ya dirisha la Bibi. Ikanguruma. Kipaza sauti kilifanya kazi, lakini hatukuambulia hata herufi. Shangazi alipoona taa imewaka akadhani mambo tayari, akapiga kigelegele, sote tukadakia. Huko nje bwana harusi hajafungua kinywa! Wazee wa upande wake wakaanza kununa: "Mmeshamwoza kijana wetu hata hajasema?"

Bibi alikuwa analia. "Wameshamaliza? Mbona mimi sijasikia?"

Mama akatoa kichwa dirishani, haya kaziweka kando. "Baba Mwanahamisi, zima dude lako!"

Baba akalizima, uso umemshuka. Shehe, Mungu amrehemu, akasema ndoa haina haraka. Wakahamisha mkeka, wakaketi chini ya dirisha, penye harufu ya petroli. Bwana harusi akatamka huku sauti ikimtetemeka: "Nimekubali kumuoa Mwanahamisi kwa mahari tuliyopatana."

Bibi akajibu kutoka kitandani, "Rudia, mume wangu, usimwonee haya mke mkubwa!"

Wanaume wakaangua kicheko, shehe naye. Kijana akarudia, safari hii kwa sauti ya kuita kivuko. Kigelegele cha kwanza alipiga Bibi mwenyewe, chembamba, kikakatika katikati, nasi tukakimalizia. Alifariki kabla ya Ramadhani. Nilimpenda mno, na nikiikumbuka siku ile bado nacheka peke yangu.

Juzi mjukuu wangu kaolewa, ukumbini. Jenereta za sasa hazisikiki kabisa, na spika ni ndefu kuniliko. Nilikaa kiti cha mbele, lakini kwa makelele ya waliokuwa wakipigana picha, sikusikia bwana harusi alisema nini. Nilipouliza, wakaniambia, "Bibi usijali, iko kwenye video."

Nimeitazama hiyo video mara tatu. Pale anapofungua kinywa, sauti yake wameifunika kwa kaswida.