Dakika Kumi za Shangazi

Ofisa mipango miji alichora duara kuzunguka kiwanja cha stesheni itakayojengwa: maduka chini, nyumba juu, na kila mkazi afike kwenye treni kwa miguu ndani ya dakika kumi. Ili kuhakikisha, alitoka ukingoni mwa duara kwa miguu na shangazi yake, macho kwenye saa. Shangazi alisimama kwa fundi cherehani akamuulizia mgongo, akasimama kwa muuza mkaa akaulizia watoto mmoja mmoja, kisha akarudi nyuma kwa sababu alikuwa amesahau kumuulizia kitinda mimba. Kufika kiwanjani, ilikuwa imepita saa nzima na robo.

"Shangazi, treni ingekuwa imeshaondoka."

"Iondoke bila kuaga? Kwani huyo dereva ni mtoto wa nani?"