Nyekundu Juu ya Kijani

Mama yangu anapika katogo, ndizi na maharage kwenye sufuria moja, na hapa Kaisho sijaona wa kumshinda. Lakini barabara ilipochongwa upya, mgahawa wake ulibaki nyuma, mbali kidogo na njia. Wateja wa zamani wanaujua mlango. Madereva wa malori ya kahawa hawaujui, na hao ndio wanaokula sahani mbilimbili. Kila jioni sufuria ikawa inarudi nyumbani na nusu yake. Mama akasema mambo yakiendelea hivi, msimu ukiisha anafunga.

Akaniagiza nimchoree kibao. Ndiyo kazi yangu, kuandika mabango ya maduka, na chuoni tulisomeshwa rangi mpaka nikaziota.

"Chini kuwe kijani, maandishi yawe mekundu," aliniambia. "Kama kahawa iliyoiva mtini. Nani hapendi kuiona?"

Nilimweleza kwamba ukiwa karibu rangi hizo mbili zinagombana, na ukiwa mbali zinakuwa na giza sawa, herufi zinazama. Maandishi hayasomeki kwa sababu rangi ni nzuri, yanasomeka kwa sababu moja ina mwanga na nyingine ina giza. Nilipaka kipande cha ubao, nikakipiga picha kwa simu, nikaiondoa rangi picha ile. Ikabaki kijivu kitupu. Nikamwomba afinye macho akitazame kile kipande, kwani ndivyo mafundi tunavyopima.

"Nani anapita njiani kafinya macho?" akauliza, akacheka.

Wote, mama! Kwa vumbi lile, nani anapita kayafumbua? Lakini nilimeza maneno. Majirani wawili walikuwa pale wanakunywa chai, wameshasema kijani kinapendeza, na kwetu binti hambishii mama yake mbele ya watu.

Kisha akaanza kuongeza. Katogo, supu, chapati, chai ya maziwa, tunachaji simu, picha ya sufuria, picha ya ng'ombe. Ng'ombe wa nini? Wa hayo maziwa. Nikamwomba aniachie neno moja tu, KATOGO, liwe kubwa, na nafasi tupu kulizunguka ili jicho lijue pa kuanzia. Akautazama ule utupu kama shamba lililotelekezwa.

"Ubao nimenunua mzima. Mbona nusu unaiacha haina kitu?"

Hapo ndipo nilipochoka kabisa. Nitamweleza nini mtu ambaye maisha yake yote chini ya mgomba kapanda mbuni, na chini ya mbuni kapanda maharage? Huku kwetu ardhi iliyo wazi ni aibu ya mwenye shamba. Nikachora vyote alivyotaka, kwa hasira, hadi pembe za ng'ombe zikagusa chapati.

Tukakitundika juu ya mlango, kikielekea barabarani, na majirani wakasifu. Malori yakaendelea kupita.

Wiki mbili baadaye nilikuwa pale lilipoegeshwa lori moja. Dereva alishuka akijifuta vumbi usoni, akaja kusimama chini ya kibao chetu.

"Shikamoo mama. Nimeambiwa kuna mama anapika katogo maeneo haya. Nimepita mara mbili simwoni."

"Marahaba, mwanangu," mama akasema. "Umefika. Kaa."

Akampakulia bila kunitazama. Nilingoja mgeni aondoke nipate kusema lile neno nililolizuia siku zote hizo, lakini alipoondoka mama aliniwahi.

"Ulijua."

"Nilikuambia, mama."

"Uliniambia mara moja, ukanyamaza. Wenye maduka wanaokupa kazi kule Kayanga, unawaambia mara ngapi?"

Jibu nilikuwa nalo. Wale nabishana nao hadi wakubali, wakikataa nafunga makopo yangu naondoka. Ni mama peke yake niliyemchorea kibao nikijua hakisomeki, nikajiambia hiyo ndiyo heshima.